Jinsi ya kuizuru Takeda, ngome ya Japani iliyobaki mawe

Ukitajiwa ngome ya Japani, pengine unawaza Himeji: kuta nyeupe, paa juu ya paa. Takeda haina hata paa moja. Iko Asago, mkoani Hyogo, kwenye kilele cha mita 353, na kilichobaki ni kuta za mawe tu. Bwana wake wa mwisho, Akamatsu Hirohide, alilazimishwa kujiua mwaka 1600 baada ya vita vya Sekigahara, na ngome ikaachwa. Mimi naipenda kuliko Himeji. Ukibisha, tutabishana.

Anza na viza, maana pasipoti yetu ya Kenya haikuvushi bila hiyo. Ubalozi wa Japani uko Mara Road, Upper Hill, Nairobi. Usingoje wiki ya mwisho. Kutoka JKIA hakuna ndege ya moja kwa moja, kwa hiyo utapitia Doha, Dubai au kwingineko. Ukishafika Osaka, panda Shinkansen, ile treni ya kasi, hadi Himeji, kisha treni ya njia ya Bantan, ubadilishe kwenye stesheni ya Teramae. Kuanzia hapo treni ni chache. Kabla hujatoka stesheni ya Takeda, piga picha ratiba ya kurudi.

Sasa ile picha ya ngome inayoelea juu ya mawingu, ambayo ndiyo inayowapeleka watu wengi. Haipigwi ngomeni! Ukiwa juu ya ngome utaona ukungu chini yako, lakini ngome yenyewe utakuwa umeikanyaga. Pa kuipigia hiyo picha ni Ritsuunkyo, mlima wa pili, ng'ambo ya mto Maruyama. Ukungu hutoka bondeni kwenye mto huo, hasa Septemba hadi mapema Desemba, alfajiri, ikiwa usiku ulikuwa wa baridi, bila mawingu wala upepo. Jana yake kukiwa na jua kali, weka kengele ya simu. Kwa hiyo alfajiri uwe Ritsuunkyo, jua likishapanda uende ngomeni. Sehemu kubwa ya Januari na Februari ngome hufungwa, usiende kugonga lango.

Kupanda kwenyewe? Mtu wa Nairobi hana shida ya pumzi, shida ni magoti. Njia ya nyuma ya stesheni ni mwinuko mkali wa dakika 40 hivi, na asubuhi huteleza. Jumamosi chache kabla ya safari panda matatu ya 111, uzunguke Ngong Hills, na uvae viatu vilevile utakavyosafiri navyo. Vya mtumba vya soko la Toi vinatosha kabisa mradi soli ina meno. Asiyetaka kupanda kuna basi dogo la Tenku, ila hata likikushusha bado kuna kutembea.

Juu, usikimbilie kilele. Chuchumaa kwanza mbele ya ukuta. Mawe makubwa hayakuchongwa yalingane. Yamelazwa yalivyo, na mianya ikajazwa vijiwe vidogo, bila tone la saruji. Maji ya mvua hupenya kwenye mianya hiyo badala ya kuusukuma ukuta. Hapo mimi nilikaa kuliko popote. Ila usipande juu ya kuta wala kusogea ukingoni kwa ajili ya selfi.

Beba yen taslimu za kiingilio, maji, na mfuko wa kurudi na taka zako, kwa sababu mapipa ni adimu Japani nzima.