Somo: Miguu isipate baridi ndani ya suruali ya pikipiki

Ndugu waendeshaji, wengi wetu baridi ikianza tunakimbilia glavu na kitu cha kufunika shingo, kisha tunapanda na suruali ileile ya siku za jua. Baada ya saa moja magoti yamekakamaa na mguu wa kulia unachelewa kufika kwenye breki. Ndiyo sababu ya somo hili: mguu uliokufa ganzi unaweza kukuangusha.

Adui wetu mkubwa ni upepo. Hewa ikiwa nyuzi 5 nawe unakwenda kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba hewa ni nyuzi 3 chini ya sifuri. Kwa hiyo kurundika nguo chini ya suruali inayopitisha upepo ni kazi bure. Nilijaribu mwenyewe: suruali mbili nzito za pamba ndani ya suruali ya wavu, ile yenye matundu ya kupitisha hewa. Niliposhuka, mapaja yalikuwa ya baridi kama sikuvaa kitu, na sehemu za nyuma ya magoti zilikuwa zimelowa jasho.

Hatua ya 1: Ijaribu suruali ukiwa umekaa

Usiipime mbele ya kioo. Vaa kila kitu unachokusudia kuvaa siku ya baridi, keti juu ya pikipiki, weka miguu mahali pake, kisha jichunguze. Magoti yakikunjwa, kitambaa hupanda: chini kifundo cha mguu hubaki wazi, nyuma kiuno nacho hufunguka. Shika kitambaa cha juu ya paja. Kikiwa kimekaza kama ngozi ya ngoma, ndani hakuna hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayohifadhi joto. Kikibana sana hata damu haishuki vizuri miguuni.

Angalia na kinga za magoti. Bitana nene huweza kuzisukuma pembeni. Kinga isiyokaa juu ya goti haikusaidii siku ukianguka, hata uwe na joto kiasi gani. Suruali ikikubana, tafuta kubwa zaidi kwa ajili ya msimu wa baridi. Msizitoe kinga na kuziacha kabatini ili nguo ziingie!

Hatua ya 2: Ngozi ibaki kavu

Vazi linalogusa ngozi lisiwe la pamba. Pamba hunyonya jasho na kulishikilia, na maji hupitisha joto haraka kuliko hewa, takriban mara 25. Sufu laini ya merino ndiyo chaguo langu la kwanza: hutoa joto hata ikiwa na unyevu, na haiyeyuki. Poliesta hukauka upesi na ni nafuu, ila ukiburuzwa kwenye lami msuguano unaweza kuiyeyusha juu ya ngozi, kwa hiyo suruali ya nje iwe imara kwelikweli. Chagua isiyo na mshono mnene sehemu ya kukalia. Utanishukuru baada ya saa mbili.

Hatua ya 3: Tabaka la kati

Flisi nyepesi (kitambaa laini chenye manyoya mafupi) au bitana iliyokuja na suruali yatosha. Safari fupi, iache.

Hatua ya 4: Zuia upepo kwa nje

Hapa ndipo pesa yako iende. Suruali ya ngozi huzuia upepo vizuri, japo mshono na zipu huvujisha. Suruali ya kitambaa iwe na utando usiopitisha upepo. Kama unayo ya wavu tu, vaa suruali ya mvua juu yake hata kama mbingu ni safi. Ni dawa rahisi kuliko zote ninazozijua. Angalizo: suruali ya mvua ikigusa ekzosti inayeyuka. Funga mikanda ya chini ya mguu isipepee.

Hatua ya 5: Ziba mianya

Unganisha jaketi na suruali kwa ile zipu ya kiunoni. Chini, suruali ifunike buti; ukiichomeka ndani, mvua itateremka moja kwa moja hadi kwenye soksi. Zipu za kupitishia hewa mapajani zifungwe kabla ya kuondoka. Mara nyingi nimekuta mtu analalamikia suruali yake kumbe zipu ziko wazi tangu kiangazi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, jinzi ya pikipiki inafaa wakati wa baridi?*

Kwa mwendo wa mjini, ukiwa na merino ndani, inafaa. Barabara kuu hapana, maana jinzi nyingi hupitisha upepo, na ikilowa inachelewa sana kukauka. Beba suruali ya mvua.

*Kaka, vipi suruali za kupashwa joto kwa umeme?*

Zinafanya kazi, hasa safari ndefu. Piga hesabu kwanza: vazi la wati 40 kwenye volti 12 linavuta kama ampea 3.3, na pikipiki ndogo huenda isiwe na umeme wa ziada. Unganisha kwenye betri kupitia fyuzi. Usilivae likigusa ngozi, kwa sababu mguu wenye ganzi hausikii unapoungua.

*Mimi huona baridi magotini tu. Nifanye nini?*

Goti ndilo linalotangulia kukutana na upepo, tena pale hakuna nyama nyingi. Bana magoti kwenye tangi, na ongeza kipande cha flisi chini ya kinga, ukihakikisha kinga haihami. Kama pikipiki yako inaweza kufungwa kava la kukinga miguu, lifunge.

*Dada hapa. Nikifika kazini nimelowa jasho, kurudi naganda. Nakosea wapi?*

Dada yangu, unavaa tabaka la kati mapema mno. Ondoka nyumbani ukihisi kibaridi kidogo, na vazi la ndani la pili liwe kwenye begi ubadilishe kabla ya kurudi.

*Nimesimama njiani natetemeka. Niendelee polepole?*

Usiendelee. Ingia ndani, kunywa kitu cha moto, tembea mpaka vidole vya miguu virudi kusikia. Kutetemeka kukikoma huku bado una baridi na mawazo yanachanganyika, mwite mtu akusaidie, na pikipiki uiache hapohapo.