Feni ya Rejeta ya Pikipiki Isipozunguka

Pikipiki nyingi za bodaboda hupozwa kwa upepo na hazina rejeta kabisa. Maelezo haya yanawahusu wenye pikipiki zinazopozwa kwa maji, kama Bajaj Pulsar NS200 au KTM Duke. Ikiwa chombo chako hakina shida barabara kuu lakini taa ya joto huwaka kila kinaponaswa kwenye foleni, ishuku feni, kwa sababu chombo kikiwa mwendoni upepo hutosha kuipoza rejeta, ilhali kikisimama ni feni tu inayovuta hewa. Hata hivyo, feni kutulia injini ikiwa vuguvugu si ubovu, kwani kwa kawaida huwaka maji yanapokaribia nyuzi 100.

Zima injini na uiache ipoe kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta ya moto, maana maji yaliyo chini ya shinikizo huruka na kuunguza vibaya. Anza na kiwango cha maji: yakipungua, sensa hubaki kwenye hewa isisome joto halisi, na feni nzima ikakosa amri ya kuwaka. Kisha zungusha mapanga kwa kidole, swichi ikiwa imezimwa. Yakikwama, mara nyingi ni tope lililokaukia kwenye ekseli ya mota, au kutu iliyoletwa na maji ya presha ya kuoshea.

Kipimo kinachoamua ni cha betri. Chomoa soketi ya feni, kisha upeleke nyaya mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri ya volti 12, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Isipozunguka, mota imekufa. Ikizunguka baada tu ya kusukumwa kwa kijiti, yaelekea brashi zake (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani ya mota) zimelika. Shika pia kipande cha karatasi mbele ya rejeta: katika pikipiki nyingi feni huvuta hewa kuelekea injini, kwa hiyo karatasi inapaswa kunata. Ikipeperushwa mbele, huenda fundi aliyetangulia aligeuza nyaya, na feni inapigana na upepo wa safari.

Ikizunguka vizuri, usinunue feni mpya, bali fuata umeme unapokatikia. Pima fyuzi kwa taa ya kupimia, kwa kuwa jicho hudanganya, na ukiibadilisha weka ya ampea zilezile, kamwe si kipande cha waya. Rilei, yaani swichi ya umeme inayowasha feni ikipata amri, hupimwa kwa urahisi kwa kuazima nyingine ya aina ileile iliyomo kwenye pikipiki hiyohiyo. Kwenye pikipiki za zamani zenye swichi ya joto ya nyaya mbili iliyofungwa kwenye rejeta, ichomoe na uunganishe nyaya zake huku ufunguo ukiwa umewashwa. Feni ikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Usifanye hivyo kwenye chombo ambacho feni yake huamriwa na kompyuta: huko sensa ipimwe kwa multimita (kipimo cha umeme) kulingana na kitabu cha chombo husika.

Iwapo injini inachemka huku rejeta ikiwa baridi, feni haina kosa. Thamostati, yaani vali inayoruhusu maji ya moto kwenda kwenye rejeta, imekwama ikiwa imefunga, au pampu haisukumi maji.

Mafundi wengine huunganisha feni na swichi ya mkono. Hilo linafaa kukufikisha nyumbani, lakini kama tiba ya kudumu silipendekezi: siku utakayosahau kuiwasha utaunguza gasketi ya silinda hedi, na utakayosahau kuizima utaikuta betri imelala.