Jinsi ya kuandika faili la majeruhi wa bodaboda lipate namba sahihi ya ICD-10 (orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa na majeraha)

Mi niko upande wa rekodi, na faili linaloniuma kuliko yote ni moja lililoandikwa "MTA, # leg, POP" (ajali ya chombo cha moto, mguu umevunjika, kafungwa plasta) basi, ukurasa umeisha. Mguu upi? Mfupa gani? Alikuwa anaendesha au kabebwa? Lilirudi kwetu miezi kadhaa baadaye kwa ajili ya bima, daktari aliyeandika kashahama, eksirei mgonjwa alipewa akaipoteza, na hakuna aliyeweza kujazia.

Kwa hiyo wewe wa emejensi, ukishamhudumia mgonjwa (matibabu kwanza, usimwache mtu anavuja damu kisa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, haijafika, ndugu wataileta), kaa chini uandike.

Majeruhi wa barabarani anabeba namba mbili, S ya jeraha na V ya jinsi alivyoumia. Tuanze na S. Andika mfupa, sehemu ya mfupa, kulia au kushoto kwa neno zima, na kama kuna kidonda wazi. Mfupa mkubwa wa muundi ukivunjika katikati ni S82.2, ngozi ikiwa nzima inakuwa S82.20, kukiwa na kidonda kinachofika kwenye mfupa inakuwa S82.21, na hapo unaona tarakimu moja tu inatofautisha mtu wa plasta na mtu wa kuingia theatre usiku huo huo. Kichwa ndo balaa zaidi. Ukiandika "head injury" peke yake naishia S09.9, wakati siti skani imeonyesha damu chini ya dura (utando wa nje unaofunika ubongo) ambayo ni S06.5. GCS (alama za kupima fahamu) nayo iandike kwa mchanganuo, E3 V4 M6, yaani macho, kauli na viungo, pamoja na saa, sio jumla ya 13 tu.

Sasa V, ambayo wengi wanairuka. Muulize mgonjwa au aliyemleta: ulikuwa nani, kwenye chombo gani, mligongana na nini, barabarani au uani? Dereva wa boda aliyegongana barabarani na gari dogo au pikapu ni V23.4, abiria wake V23.5, likiwa lori au basi inahamia V24, boda ikiteleza kwenye mchanga bila kugonga chochote dereva ni V28.4, na mama aliyekuwa anavuka kwa miguu akagongwa na boda ni V02.1. Ukiniandikia MTA tu, wote hao wanaangukia V89.2, chombo hakijulikani, alafu ripoti ya mwaka inaonyesha boda ni wachache wakati wodi ya mifupa imejaa wao.

Usihukumu. Andika "anasema aligongwa kwa nyuma", usiandike nani ana makosa, na pombe andika ulichokiona au ulichopima, kwa sababu PF3 inafika mahakamani na unaweza kuitwa uisome mbele ya hakimu. Ukikosea piga mstari mmoja, saini, tarehe, usifute kwa waitenaa.

Na akifariki, tafadhali sana, usiishie "severe head injury" kwenye cheti. Ongeza mstari wa chini "dereva wa pikipiki, aligongana na lori, barabarani", maana chanzo cha kifo kinachohesabiwa ni hiyo V, sio S06.