Jinsi ya kuomba Fulbright ya kufundisha Kiswahili Marekani

Ukitaja Fulbright, ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani, wengi huwaza shahada ya uzamili. Mwalimu kijana wa Afrika Mashariki ana mlango mwingine, nao unaitwa Foreign Language Teaching Assistant, kwa kifupi FLTA. Unakaa kwenye chuo cha Marekani takriban miezi tisa, unafundisha Kiswahili au kumsaidia profesa anayekifundisha, na wewe mwenyewe unasoma angalau kozi mbili kila muhula. Shahada hupati. Kama unachotafuta ni shahada, usijichoshe na fomu hii.

Jipime kwanza. Wanataka mtu wa miaka 21 hadi 29, mwenye shahada ya kwanza, anayefundisha au anayesomea ualimu, hasa wa Kiingereza au wa lugha. Uwe raia wa nchi unayoombea na uwe unaishi humo. Mwenye uraia wa Marekani au green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu wa huko, hahusiki. Mke, mume na watoto hawafuatani nawe, kwa hiyo hilo lizungumzeni nyumbani mapema kabla barua ya kukubaliwa haijafika.

Soma tangazo la ubalozi. Tarehe ya mwisho na viambatanisho hutofautiana kati ya Nairobi na Dar es Salaam, na hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo tangazo la mwaka jana usilitegemee. Fomu yenyewe hujazwa mtandaoni, kwenye mfumo wa IIE, taasisi inayoendesha mpango huu kwa niaba ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Kuomba ni bure. Anayekuomba hela ya "kufuatilia faili" ni tapeli.

Kusanya vyeti. Hapa ndipo watu hukwama. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, cha Kidato cha Nne Mohammed, pasipoti ina majina mawili na shahada ina matatu. Anza na pasipoti: jaza fomu kama ilivyoandikwa humo, herufi kwa herufi, na kwa tofauti zilizobaki mwone wakili akuandalie kiapo cha majina. Nakala rasmi ya matokeo ya chuo iombe mapema, maana ukidaiwa ada hata kidogo, ofisi ya msajili inaweza kukuzungusha mpaka tarehe ya mwisho ipite.

Wadhamini, yaani watakaokuandikia barua ya mapendekezo. Mbunge anayekufahamu kwa jina hakusaidii kitu. Mtafute mkuu wa idara au mkuu wa shule aliyewahi kukaa nyuma ya darasa lako akakuona ukifundisha. Mfumo humtumia kiungo kwa barua pepe, na walimu wetu wengi wa zamani hawafungui barua pepe kila siku. Mpigie simu, mweleze kiungo kinatoka wapi, kisha mkumbushe kwa adabu.

Insha. Huandikwa kwa Kiingereza, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua. Waombaji wengi huandika kwamba wanapenda utamaduni na wana ndoto ya kuiona Marekani. Kuiona Marekani si kazi unayoajiriwa kuifanya. Waeleze darasa lako: una wanafunzi wangapi, vitabu vingapi, na unafanyaje vitabu vinapokuwa pungufu. Kisha waonyeshe jinsi utakavyomfundisha mtu asiyejua neno hata moja. Chukua ngeli, kwa mfano. Mwanafunzi wa Ohio atauliza kwa nini tunasema kitabu kizuri kimeanguka, halafu vitabu vizuri vimeanguka. Ukimjibu "ndivyo tunavyosema", umempoteza. Ukieleza kwamba utaweka vitabu, viti na vikombe mezani, ukiondoa na kuongeza mpaka aisikie ki- na vi- ikijirudia mwenyewe, msomaji wa insha ameshakuona ukiwa kazini. Malizia kwa kusema utarudi kufanya nini, na utafanyia shule gani.

Kiingereza na usaili. Kiwango kinachotakiwa huwa karibu na alama 6 za IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Tangazo litasema mtihani ufanywe lini. Kwenye usaili tarajia swali kuhusu siasa au dini darasani, na pengine utaambiwa ufundishe kitu papo hapo. Salamu ndilo somo ambalo kila mwombaji hukimbilia, kwa hiyo andaa jingine.

Baada ya hapo ni kusubiri, tena kwa miezi. Ubalozi hupendekeza majina tu, vyuo vya Marekani ndivyo vinavyochagua, na wewe huchagui chuo. Ukipangiwa, utatumiwa fomu DS-2019, hati inayothibitisha kwamba umekubaliwa kwenye mpango. Ukishaipata, jaza DS-160, fomu ya mtandaoni ya kuomba viza, na uende kwenye usaili wa viza ya J-1, ambayo ni ya washiriki wa mipango ya kubadilishana. Soma vizuri sharti la miaka miwili: mpango ukiisha, unatakiwa ukae nchini mwako miaka miwili kwa jumla kabla hujastahili green card au baadhi ya viza za kazi za Marekani. Lisome kabla hujasaini.