Namna ya kumchezesha mtoto wa mbwa mwenye nguvu nyingi bila kuumiza viungo vyake

Nilipoanza kulea mbwa wa ulinzi pembezoni mwa Dodoma, nilikuwa na dume wa miezi 5 ambaye hakujua kutulia, nami kila alfajiri nilimkimbiza kando ya baiskeli kwenye lami nikiamini kwamba mbwa aliyechoka ndiye mbwa mwenye adabu. Wiki ya tatu alianza kuchechemea mguu wa mbele. Daktari wa mifugo alichukua kidole changu akakiweka juu kidogo ya kifundo. Palikuwa na joto na uvimbe, na nilipobonyeza kidogo tu, mbwa aliuvuta mguu wake na kunitazama. Tangu siku ile nimebadili kabisa namna ninavyowalea, na utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoufuata.

Kwanza fahamu kinachokua. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mbwa mchanga kuna utepe wa gegedu laini, na hapo ndipo mfupa unapojiongezea urefu. Utepe huo ni dhaifu kuliko kano zinazoshikilia kiungo, hivyo mshtuko ambao ungemtegua tu mbwa mzima huweza kuuharibu utepe wenyewe kwa mbwa mchanga, na mguu ukakua umepinda. Kwa mbwa wadogo na wa wastani, sehemu kubwa ya gegedu hilo huwa imegeuka mfupa mgumu wanapokaribia miezi 12. Kwa mbwa wenye miili mikubwa, kama Boerboel na Rottweiler, subiri hadi miezi 18 hivi.

Hatua ya kwanza: chagua saa na ardhi. Hapa kwetu, hasa Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza, mtoe kabla jua halijapanda au baada ya kuzama. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya ardhi kwa sekunde 7. Usipoweza kuvumilia, naye hataweza. Udongo wa kichanga ulioshikamana, kama ule wa kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, ni bora kuliko lami na kuliko sakafu ya marumaru, ambako miguu huteleza na nyonga hutanuka vibaya. Kagua nyayo zake mnaporudi, kwa maana mbigili mmoja hutosha kumfanya atembee upande siku nzima. Kama hajamaliza chanjo zake, mchezeshe ndani ya ua wako tu.

Hatua ya pili, ambayo naiona kuwa kubwa kuliko zote: mwache yeye mwenyewe apange mwendo. Mtoto wa mbwa aliyeachiwa huru hukimbia, husimama, hunusa, hulala kidogo kisha huinuka tena, na mapumziko hayo ndiyo yanayolinda viungo vyake. Aliyefungwa kamba nyuma ya baiskeli au pikipiki hana nafasi ya kusimama. Atakufuata hata akiumia, kwa sababu anakupenda na anaogopa kuachwa. Wengi hutumia kanuni ya dakika 5 za matembezi kwa kila mwezi wa umri, yaani dakika 20 kwa mwenye miezi 4. Mimi huitumia kwa matembezi ya kamba pekee, tena kama makisio. Mpira nao una hatari yake: si kule kuukimbilia, bali kule kufunga breki na kugeuka ghafla mara 30 mfululizo. Uviringishe chini, mara chache, usiurushe juu.

Hatua ya tatu: zuia ngazi na kuruka. Utafiti uliofanyika Norway na kuchapishwa mwaka 2012, kwa mbwa wa jamii 4 kubwa, ulionyesha kwamba watoto waliopanda ngazi kabla ya miezi 3 walipata zaidi ugonjwa wa nyonga, ilhali waliocheza huru kwenye ardhi laini waliupata kwa uchache. Unapomshusha kwenye gari, mkono mmoja uwe chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, kisha miguu yote minne iguse ardhi kwa pamoja.

Hatua ya nne: kichoshe kichwa. Fukia dagaa wakavu wasio na chumvi mahali kadhaa kwenye mchanga uani, umwache awatafute. Dakika 10 za kunusa kwa bidii humlaza usingizi mzito.

Kuhusu chakula, mbavu zake zishikike kwa vidole bila kuonekana sana. Kama unamlisha chakula kamili cha watoto wa mbwa, usimwongezee unga wa mifupa, kwani mbwa wa jamii kubwa akiwa mchanga hana uwezo mzuri wa kuzuia madini ya ziada yasiingie mwilini, na mifupa yake huharibika.

Kila jioni mtazame kwa nyuma anapokimbia. Akirusha miguu miwili ya nyuma kwa pamoja kama sungura, au akiinuka usingizini akiwa amekakamaa viungo, punguza mazoezi na umpeleke akapimwe nyonga. Akichechemea zaidi ya siku moja, mpumzishe kabisa na umwite daktari wa mifugo. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni za binadamu, kwa kuwa huweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo.