Kukagua Shule ya Sekondari ya Kitongojini England: Mwongozo kwa Wazazi Waliohamia

Mzazi aliyesoma Kenya au Tanzania hufika England akiwa na picha yake ya shule nzuri, yaani shule ya bweni, inayochuja kwa mtihani, na ikiwezekana ya wasichana watupu au ya wavulana watupu. Anapoonyeshwa shule ya kutwa iliyo karibu na nyumbani, inayopokea watoto wote wa mtaa, hukumbuka shule ya kata na kuanza kutafuta pa kukimbilia. Ni vyema ajue kwamba shule ya aina hiyo, iitwayo komprehensivu, ndiyo sekondari ya kawaida huku. Baada ya Waraka wa 10/65, uliotolewa na serikali ya chama cha Labour mwaka 1965, halmashauri nyingi ziliachana na mtihani wa kuwagawa watoto wakiwa na miaka 11, na leo shule za serikali zinazochuja kwa mtihani huo zimebaki 163 tu.

Maombi ya Mwaka wa 7, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari, hupelekwa kwa halmashauri ya mahali unapoishi kufikia tarehe 31 Oktoba, na majibu hutoka tarehe 1 Machi au siku ya kazi inayofuata. Usichanganye Mwaka wa 7 na Darasa la Saba, kwa kuwa watoto hupangwa kwa umri. Mtoto wa miaka 13 aliyetoka Darasa la Saba huingia Mwaka wa 8 au wa 9 kufuatana na tarehe yake ya kuzaliwa, jambo ambalo humshtua mzazi anayedhani mwanawe amerushwa.

Katika Septemba na Oktoba shule hufungua milango jioni ili wazazi waitembelee, na hapo ndipo wengi wetu hudanganyika. Mara ya kwanza mimi nilivutiwa na ukumbi wa michezo wenye sakafu inayong'aa na uwanja wa nyasi bandia uliomulikwa kwa taa, hadi binti yangu aliponiuliza mbona hatujaonyeshwa vyoo. Swali lake lilikuwa la maana kuliko yote niliyokuwa nimeyaandaa. Tangu siku hiyo sitazami kifaa kipo au hakipo, bali kama kinatumika. Ukiingia karakana ya mbao, tazama chini ya mashine: vumbi la mbao na miwani ya kinga iliyochakaa kwa kuvaliwa ni dalili njema kuliko mashine inayometameta. Katika maabara, uliza darasa la Mwaka wa 7 hufanya majaribio kwa mikono yao mara ngapi, na umwulize mwanafunzi anayekutembeza badala ya mwalimu. Maktaba nayo, uliza hufunguliwa saa ngapi na kama ina mkutubi wake.

Majengo yakiwa makuukuu, usiyahukumu haraka, kwani shule nyingi za vitongojini zilijengwa miaka ya 1950 na 1960. Hata hivyo, mwishoni mwa Agosti 2023 zaidi ya shule 100 ziliamriwa kufunga sehemu za majengo yao kwa sababu ya zege jepesi lililohofiwa kuporomoka, kwa hiyo si utovu wa adabu kuuliza hali ya paa.

Bwaloni kwa kawaida hakupokelewi fedha taslimu, na shule nyingi humtambua mtoto kwa alama ya kidole. Sheria ya mwaka 2012 inadai idhini ya mzazi kwa maandishi kabla ya kidole hicho kuchukuliwa, na ukikataa, shule lazima itoe njia nyingine, kama kadi au namba ya siri. Uliza kuhusu nyama ya halali, na uweke kikomo cha matumizi ya siku ikiwa mfumo unaruhusu, kwa sababu wapo wanaomaliza fedha zao kwa vitafunio vya saa nne wakashinda na njaa mchana.

Ada hakuna. Masomo ya saa za shule ni bure kisheria, na mchango wa safari ya kimasomo inayofanyika saa hizo ni wa hiari, hivyo safari ikifanyika, mtoto haachwi kwa sababu mzazi wake hakuchanga. Gharama utakayoikuta ni sare, viatu vya michezo, na katika shule nyingi viungo vya somo la mapishi, ambavyo mtoto hubeba asubuhi ndani ya kopo la plastiki na kurudi navyo jioni vikiwa keki iliyopondeka basini.

Jambo la mwisho lawahusu hata wasio na watoto. Shule nyingi hukodisha ukumbi na viwanja vyao jioni na wikendi, nasi tumefanya humo Maulidi, harusi na mazoezi ya mpira. Kabla ya kulipa, uliza saa ya kufunga, bima inayotakiwa, na kama jiko limo katika bei, kwa sababu mara nyingi halimo, na pilau italazimika kupikwa nyumbani na kusafirishwa ikiwa moto.