Kuandaa mahubiri ya dakika 30 yasiyotegemea kelele

Mwongozo huu ni wa wazee wa kanisa, viongozi wa vijana na wainjilisti wanaopewa madhabahu kwa taarifa ya siku mbili tatu, hasa kwenye makanisa yetu ya kilokole ya Mtwara, Masasi na Newala. Andaa Biblia ya Union Version, Biblia ya Habari Njema ya kulinganishia, kalamu, karatasi moja na simu ya kurekodia. Video za wahubiri maarufu ziache mpaka Jumatatu. Ukizitazama kabla, utapanda madhabahuni na sauti ya mtu mwingine.

Hatua ya 1: Chagua fungu, usichague mstari

Mistari 10 hadi 15 inatosha. Omba, kisha soma.

Hatua ya 2: Usome mstari ukiwa nyumbani kwake

Tenga jioni nzima. Chukua Yeremia 29:11, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi". Mstari huu umebandikwa kwenye bajaji na kalenda, na kila Januari hugawiwa kama ahadi ya gari, ndoa na kazi. Jiulize: nani anasema, anamwambia nani, na juu na chini yake pameandikwa nini?

Mstari wa 1 unajibu kwamba hii ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko ugenini. Wa 10 unataja miaka 70 kabla ya kurudishwa kwao, maana yake wengi waliosomewa barua ile wangezikwa Babeli. Sasa rudi sura ya 28. Nabii Hanania alikuwa amewaahidi watu kwamba mateka wangerudi ndani ya miaka miwili tu, na Yeremia akamwambia usoni kwamba anawatumainisha uongo. Kwa hiyo anayesimama na 29:11 na kutangaza "mwezi huu hauishi hujapokea" ameshika barua ya Yeremia lakini anahubiri ujumbe wa Hanania.

Ukishaona hivyo, mahubiri yamepatikana. Mkulima wa Tandahimba anaujua mkorosho uliopandwa na babu na unaookotwa na mjukuu. Mwambie Mungu anawawazia amani watu ambao bado wako Babeli, na kwamba kupanda bustani ni kazi ya imani. Ataelewa kuliko ukimwahidi gari.

Mambo ya kuangalia kwenye hatua hii:

Vichwa vidogo vya habari viliwekwa na wahariri, usivihubiri. Biblia zako mbili zikitofautiana, usichukue inayokupendeza. Soma fungu zima upya katika zote mbili. Usitafute siri kwenye kila namba, kwani mawe matano ya Daudi ni mawe matano. 3 Yohana 2 ni salamu za kumtakia Gayo afya na mafanikio, haiwezi kubeba fundisho zima la utajiri. Na "apandaye haba atavuna haba", 2 Wakorintho 9:6, inahusu mchango kwa watakatifu maskini wa Yerusalemu. Malipo ya korosho yanapoingia, usiusome mstari huo ukaishia hapo: wa 7 unakataza kutoa kwa huzuni au kwa lazima. Kumbana mtu mwenye deni la pembejeo atoe sadaka iitwayo "mbegu" ni lazima hiyohiyo.

Hatua ya 3: Sentensi moja

Andika unachotaka kusema kwa maneno yasiyozidi 15. Yakizidi, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 4: Jirekodi

Hubiri chumbani, kisha sikiliza ukiwa na kalamu. Weka alama kila unaposema "haleluya", "Ameni?" na "mwambie jirani yako". Utaona zimerundikana mahali ambapo hukujua kinachofuata. Usizifute kwa nguvu ya dhamira tu, maana zitarudi. Jaza pengo lenyewe: andika swali au mfano hapo, au nyamaza kwa pumzi mbili. Waumini hawatakimbia kwa sababu umenyamaza.

Hatua ya 5: Maiki

Kanisa la bati lisilo na dari hurudisha sauti, hivyo maneno hupandana. Zima kabisa kitufe cha eko (mwangwi), na upunguze besi. Spika zikae mbele yako zikiwaelekea watu; ukipita mbele ya spika na maiki, zitalia. Shika maiki umbali wa upana wa vidole vinne kutoka mdomoni, na ukipaza sauti, isogeze mbali. Spika za honi zinazoelekea mtaani mimi nazikataa. Mtaani kuna msikiti, mgonjwa na mtoto aliyelala, na wote ni majirani tuliowahubiria upendo.

Hatua ya 6: Mkalimani

Mkalimani wa Kiingereza mbele ya watu wote wanaojua Kiswahili hugeuza dakika 30 kuwa 60. Mwache akae. Vijijini Newala, penye bibi na babu wanaosikia vizuri zaidi Kimakonde, mkalimani ana kazi ya kweli. Mpelekee fungu na ile sentensi yako Jumamosi, mkae pamoja mtafute neno moja moja kabla hajasimama.